Kipande cha Khanga

"Linanguruma hata likisimama, fundi," Bi Mwanaidi alisema kwa uchovu. "Tumebadilisha plagi, wapi! Mafuta linayabugia tu."

Mumewe, Mzee Shomvi, alibaki kwenye usukani wa gari lao kuukuu.

Fundi Kibwe akafunua boneti. Waya wa mafuta ulikuwa umevutwa na kufungwa kwa kipande cha khanga.

"Aliyefunga hivi alitaka gari liende lenyewe, bila kukanyaga mafuta."

Bi Mwanaidi aliitambua khanga yake. Akafungua mlango wa dereva, akainama, akaufinya kwa kucha mguu wa kulia wa mumewe.

Mguu haukushtuka. Mzee aliendelea kutazama mbele.

"Unatafuta nini huko chini, mama Subira?"

Fundi alikuwa ameshika mkasi, akisubiri kuambiwa akate.