Mkubwa Ndiye Hufunga

Jioni ya mwisho ya kukusanya saini, Eliamani aliingia kwa kaka yake, Zefania, akiwa na karatasi na kalamu mkononi. Alikuwa anagombea urais bila chama, na saini zisipotimia jina lake halingechapishwa kwenye karatasi za kura. Zilizobaki zilikuwa za nyumba hii tu.

"Nimewaacha mwisho, kaka. Mkubwa ndiye hufunga."

Zefania hakuipokea kalamu. "Ulipita kwa kinyozi, ukapita mpaka kwa walevi wa sokoni. Nikasema, mdogo wangu hanihitaji."

"Ilikuwa heshima, kaka."

"Sikujua. Chama kilipoita watu wakachague mgombea wao, nilikwenda na nyumba nzima."

Eliamani akakaa taratibu. Sheria waliijua wote wawili: aliyepiga kura ya chama hawezi kumsainia asiye na chama.

"Ungeniambia tu, Elia."

"Ni kweli, kaka."

Zefania akavaa miwani, akaivuta karatasi. Akaanza kusoma majina ya waliosaini, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini kama anayewaombea, na kidole chake kikashuka polepole kuelekea mistari iliyokuwa mitupu.