Sinia la Kilindoni

Hasani aliweka kipande cha sabuni juu ya jiwe nje ya duka lake mjini Karatu, akarudi mlangoni. Ndipo Piusi akasogea, akakichukua, akaacha sarafu palepale.

"Usinichukie, ndugu Piusi," Hasani alisema. "Mimi sina mwiko. Wateja wangu ndio wanao."

"Najua."

Alijua vizuri. Tangu mkewe Leonida afe akijifungua, na mtoto akamfuata, nyumba ya Piusi kule Daa ilikuwa chini ya mwiko. Ndivyo watu wa kwao walivyofanya tangu zamani. Kifo cha namna ile kikiingia nyumbani, aliyebaki hukaa peke yake mpaka wazee wamwachilie. Hapewi mkono. Haingii kwa mtu. Ng'ombe wake hunywa wa wenzake wakishaondoka mtoni. Moto ukimzimikia, hana wa kumwomba kaa. Padre aliwagombeza waumini kwa ajili yake, wakaitikia amina, kisha wakamwachia benchi zima.

Masika yalikuja yakapita. Wazee hawakuwa na haraka.

Ndipo Piusi alipoanza kuuliza habari za kisiwa cha Mafia, alikozaliwa Hasani. Mdogo wake Hasani, Zaidi, alikuwa na nyumba huko Kilindoni.

"Nenda ukapumzike," Hasani alimwambia kutoka mlangoni. "Utaoga baharini mpaka uchoke. Madafu, upepo, mchanga mweupe kama unga."

"Kula je? Wanakulaje?"

"Wali, samaki, mchuzi wa nazi."

"Sikuulizi wanakula nini. Nauliza wanakulaje."

Hasani akacheka. "Aa! Sinia moja, bwana. Mnaketi mkekani mnalizunguka, mikono inagongana kwenye wali. Ukizubaa, samaki utamsikia kwa jina tu."

Piusi akageuka, akaitazama barabara ya Ngorongoro, ingawa hapakuwa na kitu cha kutazama. Alipogeuka tena alisema, "Nitakwenda."

Tangu siku hiyo kila akija dukani alipanga safari. Basi mpaka Arusha, basi mpaka Dar es Salaam, kisha boti. Bahari hakuiuliza. Aliuliza tena habari za lile sinia, kama mtoto anayetaka hadithi ileile.

Nauli aliipata kwa kuuza dume lake mnadani. Mnunuzi alikuwa mtu wa mbali, wa Oloipiri, hakujua habari zake, wakapeana mkono. Piusi aliushika mkono ule mpaka yule mtu akauvuta.

Kule Daa jirani yake Martini alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya kijito. "Piusi! Nasikia unakwenda kupumzika! Umechoshwa na nini, wewe usiyeitwa hata kwenye kazi ya kijiji?"

"Nimechoka kukuona wewe!"

Watu wakacheka, kila mmoja shambani kwake. Piusi naye akacheka. Kisha wakainama kulima, na yeye akabaki amesimama na jembe lake.

Wiki moja kabla ya safari, Hasani alimwuliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza. Alitazama kwanza kama kuna mteja anayesikia.

"Huu mwiko wenu, ndugu yangu. Ukivunjwa inakuwaje? Au ni maneno ya wazee tu?"

Piusi alikuwa amewalaani wale wazee kila usiku. Lakini hayo yalikuwa baina yake na ukuta wake. Hakutaka mtu wa pwani awacheke watu wa Daa. Akajinyoosha.

"Si maneno tu. Ukimvunjia mtu wetu mwiko, umemtukana yeye na marehemu wake. Sisi hatuchezei mila."

"Nimekuelewa," Hasani alisema taratibu, kama mtu aliyeonywa. "Nisamehe kwa kuuliza. Binti yangu Zuleha anatangulia kwenda kwa baba yake mdogo. Atawaeleza habari zako, wakupokee vizuri."

"Ahsante, Hasani. Mungu akulipe."

Akasafiri. Ndani ya boti alitapika njia nzima, na mzee mmoja asiyemjua akamshika mabega asianguke. Wengine waliomba bahari itulie. Piusi hakuomba.

Zaidi alikuwa akimsubiri gatini Kilindoni, mikono yote miwili imeshika baiskeli. Alikuwa mnene, mwenye sauti kubwa, na alicheka kama kaka yake. Alimwambia Piusi afunge mzigo wake nyuma ya baiskeli, wakaenda wakizungumza habari za Karatu na baridi yake. Njiani watu walimwamkia mgeni kutoka barazani. Piusi aliitikia kila mmoja, na kila alipoitikia sauti yake ilizidi kupanda.

Harufu ya nazi waliikuta mlangoni. Uani palikuwa na mkeka mpana, na juu yake sinia kubwa la wali unaofuka moshi. Wanaume walikuwa wameketi kulizunguka, hawajagusa chakula, wanamsubiri. Piusi alinawa. Akavua viatu, akavipanga vizuri, akainua mguu kukanyaga mkeka.

"Siyo hapo, shemeji," alisema Mwajabu, mke wa Zaidi, kwa upole.

Alimwonyesha kule mwisho wa ua, karibu na ukuta. Palikuwa na mkeka mdogo, mpya kabisa, na sahani moja iliyofunikwa kwa kawa.

Zaidi alirudi nyuma kumpisha, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Karibu sana, ndugu yetu. Usiwe na wasiwasi wowote. Zuleha ametueleza yote, na kisiwa kizima kimeshaambiwa."