Mtama Ulio Juu ya Moshi

Muuguzi Asnath alikuwa hoi, na majibu kutoka maabara ya Dar yakamchosha zaidi. Kwenye kinyama walichomkata bibi mgonjwa aliyeketi mbele yake, protini inayoshika RNA, ile nakala ya maagizo ya vinasaba, ilikuwa imezidi. Kwa saratani kama yake, hiyo ni dalili kwamba hana muda mrefu.

Kabla hajapata pa kuanzia, bibi akamtangulia.

"Mjukuu wangu, mtama wangu wa mbegu nimeutundika juu ya moshi jikoni. Mke wa mwanangu hajui kuuchagua. Siku hizi za soko huria anajua mbegu za dukani tu. Nimfundishe sasa, au mwakani?"

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa masizi.

"Leo, bibi," Asnath akasema, akiikunja karatasi.

Bibi akakaza fundo la kanga, taratibu.

"Basi la kwenda kwetu Mkiwa linaondoka saa ngapi?"