Ng'ombe Aliyekula Chai

Siku nne kabla ya fomu kuondoka, ng'ombe wa Mama Shirley alikula chai ya jirani yake.

Kipkorir alikuwa mezani, kalamu mdomoni, aliposikia mamake akipiga kelele shambani. Na kelele gani! Tecla, mwanakwaya, ambaye hata kuku akiingia jikoni humwambia "tafadhali toka", leo alikuwa ameshika kiuno akiifokea michongoma ya mpakani.

"Mama Shirley! Ng'ombe yako imemaliza chai yangu! Mistari miwili!"

"Ng'ombe yangu? Kwani umeiuliza jina?" michongoma ikajibu.

Kipkorir alisimama mlangoni. Ni aibu kusema, lakini tusifichane: alifurahi.

Mwelewe kijana wa watu. Huu ulikuwa mwaka wa 1996, na chuo kimoja cha Uholanzi kilikuwa kimemkataa mara mbili kusomea shahada ya pili ya uhusiano wa kimataifa. Digrii ya kwanza alikuwa nayo, na alama zake zilikuwa safi. Swali la saba la fomu ndilo lililomuua: eleza mgogoro uliousuluhisha wewe mwenyewe. Mwaka wa kwanza aliandika juu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka wa pili aliandika tena juu ya Umoja wa Mataifa, kwa kirefu zaidi. Sasa nafasi ilibaki moja tu, kwa sababu mwakani umri ungemtoa kwenye ufadhili, na kazi iliyokuwa ikimngoja ni ya kupima majani kwenye kituo cha chai pale Kedowa.

"Mama, huku hakuna mtu anagombana!" alikuwa amelia Jumapili, ugali ukimpoa. "Nitasuluhisha nani, kuku?"

Mamake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatoka kwenda kuazima chumvi.

Na sasa, Jumatatu, vita vilikuwa vimemfuata mpaka nyumbani.

Alifanya kazi, msimwone hivi. Jumanne alimhoji mamake, Jumatano akavuka kwa jirani na daftari lake. Mama Shirley aliongea amekunja uso, lakini polepole, na kalamu ikibaki nyuma alinyamaza mpaka imfikie. Kipkorir akaenda pia kumkagua ng'ombe. Alimkuta kati ya mistari ya chai, anatafuna nyasi bila wasiwasi wowote, akamwandika kama mshukiwa.

Alhamisi akawaketisha wote wawili kwenye benchi nje ya jikoni, akawasomea mkataba wa vipengele sita.

"Mimi huyu siwezi kumsalimia," Mama Shirley akasema.

"Kipengele cha nne, Mama Shirley," Kipkorir akamwambia kwa upole. "Pande zote mbili zitasalimiana."

Wakasalimiana. Tecla akatoa mursik, maziwa ya kibuyu ambayo huwekewa wageni wa heshima, wakanywa kwa zamu. Mama Shirley alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtikisika, na Tecla naye akageukia ukuta. Kipkorir akafunga daftari taratibu. Hakuwa amejua kwamba amani inaweza kumliza mtu mzima hivyo.

Jioni hiyo alijaza kurasa tatu bila kufuta neno. Ijumaa asubuhi akaipeleka bahasha posta, akaiombea, akaiachilia.

Barua ilirudi Julai. Aliisoma akiwa amesimama jikoni, mbele ya mamake na Mama Shirley waliokuwa wakimenya viazi. Amekubaliwa! Na si hivyo tu: kamati iliguswa sana na jibu lake la swali la saba, hasa namna alivyowapatanisha wanawake wawili waliokuwa hawawezi hata kutazamana.

Woi! Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Mama Shirley alimkumbatia mpaka kofia ikaanguka. Kipkorir akatoka mbio kumpelekea pasta habari, kifua mbele, balozi mzima.

Alikuwa ameshafika langoni alipokumbuka kwamba barua imebaki jikoni. Akarudi. Karibu na dirisha akasikia kicheko, akasimama kidogo kufurahia matunda ya kazi yake.

"Mtoto amezaliwa kwenye chai," mamake alikuwa akisema, pumzi zikimwishia, "amechuna chai, chai imemsomesha mpaka digrii, na bado akaamini ng'ombe inakula chai!"

"Mimi karibu nianguke kwa kipengele cha nne," Mama Shirley akajibu. "Lakini fomu ya Shirley ikija mwakani, wacha ng'ombe ikule kabichi. Huyo wangu anajua ng'ombe."