Bei ya Ruiru

Tiketi ilikuwa ndani ya soksi, imeloa jasho, na ndege ya London ilikuwa inatoka Nairobi saa kumi.

Na Gerishon bado amesimama Ruiru, kwa kizuizi!

"Kibali chako cha kusafiri kinaishia hapa, kijana," karani wa kizuizi akasema. "Thika mpaka Ruiru, basi."

"Lakini mzee, hii tiketi ikilala leo imekufa. Hiyo bei sitaipata tena."

Na ilikuwa bei, wee! Mwaka huo wa hamsini na saba kampuni mbili za ndege zilikuwa zinanyang'anyana abiria. Moja ikishusha nauli, ile ingine inashusha zaidi, mpaka ng'ombe wa mama yake Gerishon wakatosha. Mama akauza wote, kijana aende chuo.

Karani akacheka. "Hao wanashushiana bei kwa sababu wako wawili. Hapa niko peke yangu."

Akatoa penseli ya wino, akalamba ncha. Ulimi ukabaki na alama ya zambarau.

"Kuna mtu wa kwenu anapelekea waasi wa msituni chakula. Nipe jina moja tu, nakupeleka uwanjani na Landrova."

"Mimi sijui mtu."

"Saa nane imepita, kijana wa London."

Ngai! Gerishon alijua jina moja tu, na lilikuwa la yule aliyeuza wale ng'ombe.

Penseli ikagusa karatasi, ikaacha kidoa cha zambarau.

"Haya," karani akasema polepole, kama mwalimu. "Anza na herufi ya kwanza."