Raha ya Haroub

Eda ilipokwisha, Bi Mize alikwenda hospitali kutiwa ulimini ladha ya marehemu mumewe, ili kila kitu akionje kama alivyokuwa akikionja yeye, kama wafanyavyo wajane wote siku hizi. Ilimkaa sawasawa: chai ya sukari ikamchefua, vile vile ilivyokuwa ikimchefua Haroub.

Hapo akaitoa siga, ile sigara nene ya jani zima. Miaka yote ya ndoa yao, wakishamaliza kula tu, Haroub alikuwa akitoka nayo kibarazani peke yake. "Niache na raha yangu kidogo, mke wangu," alikuwa akisema. Katika maisha yao, kitu pekee alichokionea wivu Bi Mize ni raha hiyo.

Binti yake Raya akamwashia, huku anacheka. "Haya mama, leo ndiyo utaijua!"

Bi Mize akavuta. Uchungu ukamjaa kinywani kama maji ya mwarobaini. Akavuta tena taratibu, akiitafuta ile raha, wala haikuwamo. Ulimi ulikuwa wa Haroub, na Haroub hakuipenda siga hata siku moja. Kumbe alichokifuata kibarazani ni kukaa mbali naye.

"Tamu?" Raya akauliza.

"Tamu sana, mwanangu. Baba yako alijua kuchagua."

Akaivuta yote.