Koma

Mji mzima ulilijua lile "koma!" la Bibi Hendrika. Alitoka Uholanzi akiwa msichana, akazeekea hapo, na kwa neno hilo moja alisimamisha mbuzi waliovamia bustani yake, walevi waliopigana getini, hata diwani aliyezidisha hotuba. Hakuna aliyethubutu kulisubiri mara ya pili.

Skolastika, binti yake, alifika na kukuta mama ameshazikwa na godoro limekunjwa. Mwanawe, Hilaria, alikuwa bado amekaa kwenye kiti mlangoni mwa chumba.

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa hapa hapa, mama. Bibi alibwabwaja Kiholanzi chake asubuhi nzima, sikuelewa kitu. Neno moja tu nililipata. Kila nikimsogelea, ananiambia koma. Koma, koma. Basi nikarudi kukaa mlangoni, nisije nikamuudhi."

Skolastika akashika ukingo wa kitanda. "Mkono aliunyoosha?"

"Aliunyoosha. Nikajua ananifukuza."

Mama mtu alipojibu, sauti ilikuwa ya chini, kama ya kumbembeleza mtoto.

"*Kom maar.* Ndivyo alivyokuwa akiniita nilipokuwa mdogo, nikiota ndoto mbaya. Kwao ni njoo. Njoo tu, mwanangu."

Hilaria hakulia. Alinyanyuka, akakibeba kile kiti kutoka mlangoni, akakiweka ubavuni mwa kitanda kilichobaki chaga tupu. Akaketi, akalaza kiganja chake wazi juu ya mbao.